Ridhaa ya Bibi wa Norumok

Sauti ya ramani ndani ya gari ilitangaza kwamba safari imekwisha, na Ban Hyeseon akajikuta katikati ya mashamba ya vitunguu saumu. Hapakuwa na nyumba wala lango. Kulikuwa na mama mmoja tu, amejifunga kitambaa kikambakizia macho tu, ameinama akichomoa mashina ya maua ya vitunguu moja baada ya jingine. Hyeseon alishusha kioo akamuuliza nyumba ya akina Norumok ni ipi.

"Acha gari hapo hapo, nani atalitaka," mama yule alisema bila kunyanyuka. "Panda hiyo njia. Pua ikikwambia simama, simama."

Hyeseon alikuwa amefika Geneva mara nyingi kuliko alivyofika kijijini kwa babu yake. Alikuwa wakala wa alama za biashara mjini Daegu, na kazi yake ilikuwa kuyavusha majina mipaka ili yakifika ugenini yasikute mtu mwingine ameshayavaa. Alikwisha kuvusha jina la viatu hadi Brazili na la sabuni hadi Vietnam. Aliweza kugombana kwa Kiingereza, kubembeleza kwa Kijapani na kunyamaza kwa Kichina, na hilo la mwisho, alikuwa akisema, ndilo lililomchukua muda mrefu kujifunza. Lakini bonde hili lililo asubuhi moja tu kutoka ofisini kwake hakuwahi kulitia mguu.

Alikuwa amekuja kutafuta neno moja, na neno lenyewe lilikuwa ndiyo.

Mteja wake aliitwa Mama Inho, mama wa makamo ya kuelekea uzee, ambaye alitengeneza doenjang, lile rojo zito la soya lililochachuka ambalo bila yake hakuna mchuzi katika nchi ile. Aliuza katika vyungu vidogo vyenye maandishi ya mkono: Norumok-daek. Maana yake ni mke aliyetoka Norumok. Katika vijiji vile, mwanamke akishaolewa jina lake la utotoni hukunjwa likawekwa, naye huitwa kwa kijiji alichotoka mpaka siku ya kuzikwa. Kumwita bibi wa watu kwa jina alilopewa na babake ni sawa na kumvutia pazia akiwa anaoga. Norumok-daek halisi alikuwa mama mkwe wa Mama Inho, na jina lile lilikuwa limekwenda mbali: sokoni, redioni, hadi kwa Bwana Ma, Mkorea mwenye maduka kule Los Angeles. Bwana Ma alitaka kuiuza doenjang kuanzia vuli. Ila aliapa kwamba hatachapa hata lebo moja kabla jina halijaandikishwa kule, maana aliwahi kuuza bidhaa ya mtu, jina likadaiwa na mwingine, akaambiwa aitoe madukani kote.

Hyeseon aliandikisha jina nyumbani, kisha akalipeleka Marekani. Likarudi swali. Je, hili ni jina la mtu aliye hai? Kama ndiyo, ridhaa yake iko wapi?

"Ni mama mkwe wangu," Mama Inho alisema kwenye simu. "Yuko hai sana."

"Anajua kwamba jina lake limo kwenye vyungu?"

"Anaviona vikitoka."

"Amekubali?"

"Mwalimu," Mama Inho alisema, maana ndivyo alivyomwita kila msomi, "swali kama hilo mtu anamuulizaje mama mkwe? Nimwambie, Mama, unaniruhusu nikuheshimu?"

"Ninahitaji sahihi yake, na muda wa kujibu unakwisha. Tusipojibu, maombi yanakufa."

"Basi njoo uulize wewe. Wewe ni mgeni. Mgeni akiuliza vibaya husamehewa, na chakula hupewa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo Hyeseon alivyofika penye lango la nyumba ile, pua yake ikiwa kweli imeshamwambia asimame.

Barazani, kwenye ukingo wa sakafu ya mbao, alikaa bibi mdogo wa umbo, suruali pana ya maua, nywele zimetiwa dawa zikajikunja vipindo vidogo vidogo kama za mabibi wote wa bonde lile.

"Simama hapo," bibi alisema. "Umetoka msibani?"

"Hapana, bibi. Nimetoka Daegu."

"Hapana tofauti kubwa. Wiki hii hujazika mtu?"

"Sijazika mtu."

"Hujapita hospitali?"

"Sijapita."

"Ingia, basi. Leo mitungi iko wazi, na mtungi ukinusa maiti hausahau."

Mama Inho alitokea nyuma ya nyumba, mikono inachuruzika maji ya chumvi hadi viwikoni. Alimsalimu Hyeseon kwa uso wa mtu aliyeletewa daktari, akampa aproni. Ilikuwa siku ya kutenganisha. Tangu baridi ilipoanza kulegea, matofali ya soya iliyopikwa, ikapondwa, ikaanikwa mpaka ikaota ukungu, yalikuwa yamelala ndani ya maji ya chumvi pamoja na vipande vya mkaa na pilipili kavu. Sasa maji yamekuwa meusi, na hayo ndiyo sosi. Matofali yamelainika, na hayo ndiyo mwanzo wa doenjang. Mtu huyatoa moja moja, akayaponda kwa viganja, akayashindilia kwenye mtungi mwingine. Juu ya tumbo la kila mtungi ilibandikwa karatasi nyeupe iliyokatwa umbo la soksi, vidole juu, ili kila kibaya kinachopanda kiteleze kirudi kilikotoka.

Hyeseon akatia mikono.

"Tazama anavyoshika," bibi alisema kutoka barazani, akiwaambia labda kuku. "Kama anaokota mavi ya paka."

"Mama, ni mgeni."

"Nimemkataza kushika? Nasema tu anavyoshika. Wewe wa Daegu, una mume?"

"Nilikuwa naye, bibi."

"Amekufa?"

"Yuko Busan."

"Ah," bibi akasema, kwa sauti ya kumpa pole mtu wa Busan.

Mama Inho alimnong'oneza Hyeseon kwamba afadhali aulize baada ya chakula. Chakula kikaja, mchuzi wa doenjang unaotokota kwenye chungu cheusi, wali, majani machanga ya mlimani ya kufungia wali, na samaki mdogo wa kukaanga ambaye bibi alimchambua miiba kisha akamsukumia mgeni bila kumwangalia.

"Kula. Wakala gani mwembamba namna hii? Hayo majina ya watu unayabeba kwa mgongo upi?"

Baada ya chakula Mama Inho alisema afadhali wasubiri chai. Baada ya chai akasema mzee apumzike kidogo, jua limemchosha. Hyeseon alikuwa amekaa katika mazungumzo ya makampuni ambako watu hutumia wiki nzima kuamua umbo la meza, lakini hakuwahi kuona swali likikwepwa kwa ustadi wa namna hii. Lililomshangaza zaidi ni kwamba na yeye, aliyelipwa kuuliza, alikuwa amekwisha kuambukizwa. Alichukua tofali jingine la soya akaliponda kwa bidii.

Bibi ndiye aliyechoka kwanza.

"Haya," alisema. "Tangu asubuhi mnanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Tageni."

Hyeseon alinawa, akaja kukaa chini ya baraza, akaeleza. Hakupamba. Alisema kwamba doenjang inataka kwenda kuuzwa Marekani, kwamba kule kila jina la biashara huandikishwa kwanza, na kwamba sheria yao inataka, jina likiwa la mtu aliye hai, mtu huyo aulizwe kama anakubali.

"Wamarekani wameuliza hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Wamemuuliza nani, mimi?"

"Wewe. Chu Malsun."

Mama Inho, kando ya mitungi, alishtuka kidogo aliposikia jina lile likitamkwa uani. Bibi hakushtuka. Alilisikiliza kama mtu anayesikia mlango wa nyumba aliyohama zamani.

"Malsun, yaani binti wa mwisho," alisema. "Baba alisema mabinti wametosha, akaniita hivyo ili mimba ielewe. Baada yangu akapata wengine wawili." Alinyoosha goti taratibu. "Kwa hiyo watu wa ng'ambo, hawanijui, hawajala kwangu hata kijiko, wameuliza kama nakubali. Na huyu tunayelala naye paa moja hajauliza."

"Mama, niliona ni utovu wa adabu," Mama Inho alisema.

"Najua uliona hivyo. Ndiyo maana nilinyamaza. Sasa nimeulizwa, nami nitajibu. Sikubali."

Kuku mmoja alikatiza uani. Mama Inho aliweka bakuli chini, akaja hadi mbele ya baraza, mikono bado ina rojo.

"Mama, unajua unachosema? Mgongo wangu umepinda kwenye mitungi hii. Nimesimama sokoni kwenye theluji nikiwaonjesha watu kwa kijiko. Nimekwenda redioni, nikatetemeka mpaka wakanipa maji. Hilo jina nimelijenga mimi."

"Ndivyo ninavyosema. Umelijenga wewe."

"Basi kwa nini unalibomoa?"

"Kaa chini. Ukisimama hivyo unanifunika jua."

Mama Inho hakukaa. Kwa hiyo bibi alisimulia akiwa kivulini.

Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akavuka kilima na sanduku moja na mtungi wa mama yake ambao ulipasuka njiani. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa sosi. Sosi ya matambiko, nyeusi, nzito, ya kuwawekea wahenga mezani, na watu wa ukoo walikuja kuomba chupa. Ili upate sosi ya namna hiyo lazima uyakamue matofali kama mtu anayekamua tambara. Yanayobaki ni makapi. Makapi hayo yenye chumvi na uchungu ndiyo yaliyokuwa doenjang ya nyumba ile, na bibi aliyatengeneza kama alivyofundishwa, mwaka baada ya mwaka, hata mama mkwe alipokwisha kufa na hakuna tena aliyekuja kuomba chupa.

"Baba Deokbae alikula," alisema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao. "Hakulalamika. Alikula kama mtu anayelipa kodi. Kisha mwanangu akaenda kuniolea huyu kutoka pwani, kijiji cha Gaetmal. Mwaka wake wa kwanza namwona anachota sosi kidogo tu, nyingine anaiacha humo humo kwenye matofali, tena anaongeza soya ya kuchemsha. Nikamfokea. Nilikufokea au sikukufokea?"

"Ulinifokea," Mama Inho alisema. "Ulisema watu wa pwani hawajui chumvi ni kitu cha kununuliwa."

"Nilisema hivyo. Ilikuwa kauli nzuri. Vuli ilipofika, nimo jikoni, nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Baba Deokbae anataka bakuli la pili. Mtu huyo, tangu aniletee mimba ya kwanza mpaka siku ile, hakuwahi kutaka la pili. Nikakaa pale jikoni. Nilijua nimeshindwa, na nikajua kwamba chakula cha usiku huo ni kitamu."

Hyeseon alicheka kabla hajajizuia. Bibi alimtazama akaona hapana ubaya.

"Sikugusa mtungi tena. Watu wakaanza, doenjang ya Norumok-daek tamu, doenjang ya Norumok-daek imebadilika. Nikanyamaza. Mara ya kwanza ukinyamaza ni adabu. Baadaye ni uvivu. Sasa mnataka nitie sahihi, iwe kiapo kwa Wamarekani."

"Nilidhani uliacha mitungi kwa sababu ya magoti," Mama Inho alisema polepole.

"Magoti yaliharibika baadaye."

Hyeseon alikuwa na wajibu, akautimiza. "Bibi, karatasi haisemi kwamba wewe ndiye uliyeitengeneza. Inasema tu unaruhusu jina litumike. Ukitia sahihi hutakuwa umesema uongo."

"Na yule anayenunua huko, akisoma jina, ataelewa nini?"

Swali hilo Hyeseon alikuwa akilijibu kwa kulipwa, mbele ya mahakimu, kwa lugha tatu.

"Ataelewa kwamba ni mkono wako," alisema.

"Basi tumeelewana."

Ikabidi Hyeseon aeleze lililobaki, na hili aliuambia zaidi uso wa Mama Inho, ambao ulikuwa umekauka. Jina lililokwisha kupelekwa halibadilishwi kama shati. Maombi yale yataachwa yafe. Jina jipya litaandikishwa kwanza hapa nyumbani, likishika mizizi ndipo litapelekwa ng'ambo, na litaanza foleni upya. Mama Inho aliingia ndani kupiga simu. Kule Los Angeles ilikuwa bado jana usiku, na Bwana Ma alikuwa hajalala. Walisikia sauti ya Mama Inho ikipanda, ikishuka, ikisema ndiyo nyingi za mtu anayekubali asichokitaka. Alirudi akakaa kwenye ngazi.

"Anasema bila jina vuli haiwezekani. Mwakani labda. Amesema labda mara mbili." Akaongeza, "Anaomba nimpelekee ndoo moja isiyo na jina, ya kula mwenyewe."

"Doenjang ya mwakani itakuwa tamu zaidi," bibi alisema. "Mwaka haiuogopi."

"Mimi nauogopa, Mama. Nilishawaahidi wanaoniuzia soya kwamba nitanunua nyingi."

Bibi alivuta sahani ya vipande vya persimoni, tunda tamu la vuli lililokaushwa, akaisogeza mpaka ikagusa goti la mkaza mwanawe. Mama Inho alichukua kipande bila kuacha hasira yake.

"Jina jipya liwe lipi?" Hyeseon aliuliza, kwa sababu mtu fulani alipaswa kuuliza. "Tuandike Mama Inho?"

"Inho anauza simu Daejeon," bibi alisema. "Hajawahi kufunua hata kifuniko. Apewe jina kwa kazi gani?"

"Basi jina lako mwenyewe," Hyeseon akamwambia Mama Inho. "Pyo Geumsil."

"Geumsil nani anamjua? Hata mimi wakiniita hivyo hospitali sigeuki. Muuguzi huja kunigusa bega."

Hapo ndipo Hyeseon alipogundua jambo ambalo hakuna fomu ingeliuliza. Mama Inho hakuwa na jina la kuwekwa kwenye mtungi. Alipoolewa, desturi ya kuwaita mabibi harusi kwa vijiji vyao ilikuwa imekwisha kuchakaa; vijana walikuwa wanahamia mijini, na wazee hawakujisumbua tena kutoa majina. Akakaa bila jina mpaka alipozaa, akawa mama wa mtu. Na jina la namna hii mtu hajipi. Hutolewa na aliye juu yake nyumbani, na nyumba hii ilikuwa na mmoja tu aliyebaki.

Bibi alikuwa anahangaika kuteremka barazani, mguu mmoja ukipapasa hewani.

"Gaetmal-daek," alisema, kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi wakati wa chakula. "Nipe viatu vyangu."

Mama Inho alinyanyuka, akaleta vile viatu vya plastiki, akapiga magoti, akamvisha kimoja baada ya kingine. Alikuwa amekwisha kumvisha cha pili ndipo mikono yake ikasimama. Hyeseon alitazama kando, kwenye mitungi. Katika ua ule, tangu mama yule alipoingia akiwa bibi harusi, hakuna aliyekuwa ametamka jina la kwao isipokuwa kwa kulikejeli.

"Umenivisha kulia kushoto," bibi alisema.

"Sivyo, Mama. Ni sawa."

"Basi ni miguu yangu."

Akasimama kwa kushika bega la mkaza mwanawe. Alitaka bakuli la doenjang ya mwaka juzi, lijazwe, lifungwe kwa kitambaa safi. Kitambaa cha kwanza alikikataa, cha pili akakikubali.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Ukumbini kwa wazee wa kijiji. Wako wote huko wanacheza karata. Unadhani jina ni kitu cha kusema uani mbele ya kuku? Wasipolisikia wale halipo." Akamgeukia Hyeseon. "Huko kwenu si ndivyo? Jina lisiloitwa na watu ni jina?"

"Hata sheria ina wasiwasi nalo," Hyeseon alisema.

"Unaona. Wataonja, nitawaambia hii ni ya Gaetmal-daek, na mwenye kubisha abishe nikiwepo. Bibi wa Saetgol atabisha. Huyo anabisha hata mvua."

Hyeseon alitazama saa, akaanza kufungua aproni. Alikuwa na barua ya kuandika kwamba mteja wake hana ridhaa, na maombi mapya ya kuanza. Mama Inho alimshika mkono.

"Unakwenda wapi, mwalimu? Mitungi mitatu bado iko wazi. Mtu aliyetia mkono haondoki mtungi ukiwa wazi."

"Mwache aende," bibi alisema. "Wa Daegu wana haraka ya kwenda kupumzika."

Hyeseon akafunga aproni tena.

Penye lango palisimama kigari cha kusukumia mtoto, kitambaa chake kimepauka, cha Inho alipokuwa mchanga. Bibi aliliweka bakuli pale ambapo mtoto hukaa, akalizungushia koti lisiyumbe, akashika mpini kwa mikono miwili. Bila kigari alikuwa mzee mwenye magoti mabovu. Akiwa nyuma ya kigari alitembea kama dereva. Mama Inho alimfuata hadi langoni.

"Nikusindikize, Mama?"

"Ukija nitakusifuje? Rudi kwenye matofali yako. Na huyo mgeni mwambie aponde kwa kiganja, si kwa vidole."

Akateremka na njia. Hyeseon, mikono imezama mtungini, alisikia magurudumu yakilia juu ya changarawe, yakapungua, yakasimama kwenye lango la kwanza la chini. Bibi hakuwa ameweza kusubiri mpaka ukumbini.

"Mko humo?" sauti ilipanda mpaka uani. "Tokeni mara moja, nina jambo la kuwaambia kuhusu mkaza mwanangu."